Gazeti Lenye Namba 412

Kazi ya Annick ilikuwa kubadilisha magazeti. Majirani zake wa mtaa wa Kisugu walimsikia akisema hivyo wakadhani anauza magazeti, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa mimea walikwenda milimani magharibi, kule msitu unakoanzia Uganda ukamalizikia Kongo, wakachuma matawi yenye majani, maua na matunda. Matawi hayo waliyalaza ndani ya magazeti, wakayabana kati ya mbao mbili, wakafunga kwa mikanda. Mzigo huo waliuita presi. Presi ilipofika Kampala ilikuwa bado na maji ya mlimani, na usipobadilisha magazeti kila siku majani yanaoza, yanakuwa meusi kama mboga iliyosahauliwa kwenye sufuria. Basi kila asubuhi, katika jengo moja la zamani juu ya Kamwokya, Annick alifungua mikanda, akatoa gazeti bichi, akaweka kavu, akafunga tena. Majani yakishakauka aliyashona kwa uzi juu ya karatasi nene nyeupe, na karatasi zikaingia kwenye makabati ya chuma yanayonuka naftalini. Shule aliiachia darasa la sita huko Bukavu, Kongo, vita vilipowakuta. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na macho yake hayakuwa na haraka.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja. Aliambiwa siku ya kwanza na Akoth, mama mmoja mnene wa Tororo aliyekuwa msimamizi.

"Ona hapa pembeni," Akoth alisema, akimwonyesha namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye ukingo wa gazeti. "Aliyechuma ndiye anaandika, kulekule porini. Jioni wakifika kambini wanainakili kwa daftari ya Dokta. Haya magazeti mengine yote toa, tunampa mama wa karanga afungie karanga zake. Lakini hili lenye namba halitoki! Linakaa na jani lake mpaka lebo ibandikwe. Jani bila namba ni mtoto wa kuokota. Mzuri, lakini wa nani?"

Annick aliishika sheria hiyo miaka miwili. Aliivunja mara moja.

*

Mpanda miti wa Dokta, mkuu wa watu wa mimea, alikuwa kaka yake, Pitshou. Ndiye aliyemtafutia kazi ile. Maua ya msitu wa mlimani mara nyingi yako juu, mtu wa chini hayaoni, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupanda. Pitshou alipanda tangu utotoni, akifuata asali, na alipanda huku akiimba. Wabeba mizigo walisema ukitaka kujua yuko wapi huangalii, unasikiliza.

Siku ile ya mwisho walisikia akiimba, kisha hawakusikia.

Gari lililomleta Kampala ndilo lililoleta presi. Pitshou alilazwa nyuma, amefunikwa turubai, na presi ikawekwa karibu na miguu yake kwa sababu hapakuwa na pengine. Walimzika kesho yake. Kesho yake tena, asubuhi, Annick alikuwa kazini.

"Wewe! Rudi nyumbani," Akoth alimwambia. "Nani amekuita?"

"Presi iko mbichi," Annick alijibu.

"Mimi nina mikono."

"Najua, mama."

Akoth alimtazama, akasonya kwa huruma, akaenda kuchemsha chai. Annick akafungua mikanda. Hakuwa akilia. Hata makaburini hakulia, na wanawake wa kanisa la Wakongo walinong'onezana juu ya jambo hilo. Alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Alibadilisha gazeti la kwanza, la pili, la tatu. La mwisho kabisa lilikuwa limelowa kuliko mengine. Ndani yake kulikuwa na tawi la majani mapana, na pembeni, peke yake, fungu la maua madogo yaliyosinyaa. Kwenye ukingo wa gazeti kulikuwa na mwandiko alioutambua kabla hajajua kwamba anausoma, kwa sababu mwenye mwandiko huo ndiye aliyemfundisha yeye kuandika:

*412. Maua kwa shina, chini, kwa goti. Majani juu sana. Napanda. P.*

Annick aliweka gazeti kavu. Akalaza tawi, akalaza maua. Kisha akalikunja gazeti bichi mara mbili, akaliingiza ndani ya kitenge kiunoni, akafunga mikanda. Akoth aliporudi na chai alimkuta ameketi, mikono magotini.

Nyumbani alilikausha gazeti lile karibu na sigiri ya mkaa, akaliweka kati ya maboksi mawili yaliyokatwa, akafunga kwa kamba ya katani kama alivyofundishwa kufanya na majani. Akaliweka chini ya godoro. Siku ya arobaini ilipofika, vitu vya marehemu viligawanywa, kwa kuwa nguo za mtu aliyekufa hazikai ndani: mashati mawili kwa wanaume wa kanisa, panga kwa jirani, na mabuti ya kupandia, mazuri, yenye meno chini, kwa Fadhul, mtoto wa mwenye nyumba. Annick aligawa yote bila kushika kitu. Watu walimsifu kwa kutokuwa na choyo. Hakuna aliyejua kuna boksi chini ya godoro.

*

Mwezi wa tatu baada ya maziko, Dokta Ojera aliingia chumbani na karatasi mkononi. Alikuwa Mwacholi mrefu, mpole, mtu wa kuongea na majani zaidi kuliko na watu. Tangu msiba hakuwa amelitamka jina la Pitshou hata mara moja. Alikuwa akipita karibu na meza ya Annick kama mtu anayepita kando ya moto.

"Mmekaa?" aliuliza, ingawa aliwaona wamekaa. "Ule mti wa siku ya mwisho. Nimewatumia picha wataalamu wote wa jamii ile ya miti. Wote wamejibu. Hakuna anayeujua."

"Hakuna anayeujua vipi?" Akoth alisema. "Wanasayansi wote hao?"

"Hauna jina, Akoth. Haumo katika kitabu chochote. Ni mpya."

Akoth aligonganisha viganja. "Banange! Mti umekaa pale tangu Mungu aumbe, leo ndio mpya!"

"Kwetu sisi ni mpya." Dokta hakucheka. Alikwenda kwenye meza, akafungua gazeti lenye tawi. Majani yalikuwa yamekauka vizuri, kijani upande mmoja, na upande wa chini vinyweleo vya rangi ya kutu. "Shida ni hii. Kuupa mti jina ni lazima useme maua yake yakoje. Haya hapa yameanguka peke yake. Hayakushikana na tawi. Inawezekana ni ya mti mwingine, wabeba mizigo wameyaokota tu. Siku ile hakuna aliyekuwa na akili yake. Nikiandika haya ni maua yake na kumbe siyo, nitakuwa nimetunga mnyama mwenye kichwa cha mbuzi na mkia wa samaki."

"Daftari inasema nini?" Akoth aliuliza.

"Daftari imeishia 411."

Wote watatu walijua kwa nini daftari iliishia 411. Jioni ile hakuna aliyekaa kambini kunakili namba.

"Kwa hiyo kilichobaki ni gazeti la porini," Dokta alisema. "Yeye alikuwa na tabia ya kuandika maelezo palepale. Lakini gazeti hili ni safi. Hili ni la hapa Kampala, la baada ya msiba. La kwanza liko wapi?"

Annick aliangalia uzi uliokuwa kwenye sindano yake. Alijua anatakiwa kuhisi moyo ukipiga. Haukupiga.

Akoth ndiye aliyejibu. "Ni mimi," alisema polepole. "Wiki ile mimi ndiye nilimpelekea mama wa karanga mzigo. Sikupekua. Nilikuwa nimechanganyikiwa na mambo ya maziko. Dokta, ni mimi."

Dokta hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifunga gazeti taratibu. "Basi tutarudi. Jumatatu ijayo kuna safari. Mti uko palepale, wabeba mizigo wanaujua. Nimepata mpandaji mwingine, atapanda atuletee maua."

Alipotoka, Akoth aliuvuta mkoba wake. "Nakwenda kwa mama wa karanga," alisema.

"Miezi mitatu imepita, mama," Annick alisema.

"Najua imepita! Lakini nikae hapa nifanye nini?"

Alirudi baada ya saa nzima na pakiti kumi na moja za karanga. Alizifungua zote juu ya meza, moja baada ya nyingine, akinyoosha vipande vya gazeti na kuvisoma pembeni. Siasa, mpira, tangazo la kiwanja, picha ya bibi harusi iliyolowa mafuta.

"Yule mama anadhani nimepata mimba," Akoth alisema. "Ananiuliza, nnyabo, mama wewe, na umri huo? Kula, Annick. Kula, tutafanya nini na karanga zote hizi?"

Annick alikula. Karanga zilikuwa na chumvi nyingi. Akoth alikuwa akicheka, lakini mikono yake ilikuwa ikinyoosha kipande kilekile kwa mara ya tatu.

*

Mwenye nyumba wa Annick alikuwa Mnubi, mjane aitwaye Mama Zuleika, ambaye babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani enzi za Waingereza. Kila alasiri aliketi barazani akisuka vifuniko vya chakula vya rangi nyekundu na zambarau. Annick alipenda kukaa karibu naye kwa sababu Mama Zuleika hakuuliza maswali mikono ikiwa kazini.

Siku ile kulikuwa na kelele uani. Fadhul, mwanawe mkubwa, mwanamume wa miaka thelathini na ushee, alikuwa akitembea huku na huku mbele ya wanawe wawili, akikanyaga kwa kishindo. Alikuwa amevaa mabuti ya Pitshou.

"Annick! Dada yangu! Umesikia?" alimwita. "Naacha bodaboda. Dokta wenu amenichukua. Jumatatu napanda mlima!"

Annick alisimama na mkoba wake mkononi.

"Amekuchukua kufanya nini?"

"Kupanda miti! Nilikwenda mwenyewe, nikamwambia, mabuti ya kazi ninayo, kilichobaki ni kazi. Akacheka kidogo. Akaniuliza, unajua kupanda? Nikasema, mzee, mimi ndiye nilikuwa natoa mafenesi yote ya Kisugu, ya kwetu na yasiyo ya kwetu."

"Mafenesi!" Mama Zuleika alisema bila kuinua macho. "Ulivunjika mkono kwa mafenesi."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa na ndevu."

Watoto walicheka. Fadhul naye alicheka, akapiga mabuti chini vumbi likaruka. "Ni mti mmoja tu, wenye maua juu. Napanda, nachuma, nashuka. Si hivyo, Annick?"

Annick aliyatazama mabuti. Kamba ya buti la kushoto ilikuwa na fundo katikati, mahali ilipokatika mwaka jana. Fundo hilo alilifunga yeye.

"Yanakubana?" aliuliza.

"Kidogo. Yatazoea."

Aliingia ndani. Akakaa kitandani, akalitoa boksi, akafungua kamba. Hakuhitaji kusoma. *Maua kwa shina, chini, kwa goti.* Maua yalikuwa chini. Yako usawa wa goti la mtu aliyesimama, labda yamefichwa na ukoga wa mti, na watu waliombeba Pitshou hawakuwa na macho ya kutazama shina. Pitshou alikwisha kuyachuma kabla hajapanda. Alipanda kwa sababu ya majani, na majani yalifika. Yako kwenye meza ya Dokta. Hakuna kilichobaki juu.

Nje Fadhul alikuwa akiwaonyesha wanawe jinsi ya kukumbatia nguzo ya baraza. Mama Zuleika alikuwa akisema, shuka, utaangusha paa.

Kama angelitoa gazeti hili, lisingerudi. Alijua sheria, na sasa alijua kwamba sheria ingekuwa kali zaidi. Tawi ambalo mti mpya unapewa jina kutokana nalo linafungiwa kwenye jalada jekundu na kila kilicho chake, halitoki milele. Na Akoth angejua. Angejua kwamba Annick alimwangalia akifungua pakiti kumi na moja, akala karanga zake, akanyamaza.

Alifunga kamba tena. Akalilaza boksi, si chini ya godoro, bali ndani ya mkoba wa kwendea kazini. Usiku ulipita kama usiku mwingine wowote.

*

Asubuhi aliwakuta wote wawili chumbani, Dokta akipima kamba mpya za safari, Akoth akizihesabu mbao. Annick aliweka boksi mezani, akafungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Sio mama Akoth," alisema. "Ni mimi. Nililipeleka gazeti kwangu."

Dokta aliinama. Alisoma. Akasoma tena, kidole chake kikifuata maneno lakini hakikugusa karatasi. Kilipofika neno la mwisho kabla ya ile P, kilisimama hapo, kikakaa. Kamba ilianguka kutoka mkono wake mwingine naye hakuiokota.

"Nilikuwa kambini," alisema hatimaye. "Nilikuwa naandika 411, ya jana yake." Kisha akalitamka jina, "Pitshou."

Akoth alikuwa ameshika kiuno. "Wewe mtoto," alisema. "Wewe mtoto! Kumbe ulikuwa unaniangalia nikila karanga za Kamwokya yote!"

"Ndiyo, mama."

"Tumbo limenisumbua usiku kucha!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Akoth alilitazama gazeti. Alikwenda dirishani, akajifuta uso kwa ncha ya vazi lake la gomesi. "Ungesema," alisema akiwa amewapa mgongo. "Mimi ningekuachia kwa siku nyingine kadhaa. Lakini ungesema."

Annick alichukua lenzi. Akaliweka fungu la maua karibu na jani. "Nilitazama zamani, Dokta. Hivi vinyweleo chini ya jani na hivi kwenye kikonyo cha ua, ni rangi moja. Vyote vimepinda upande mmoja."

Dokta alitazama kwa muda mrefu. "Kweli," alisema. "Ni mmoja."

"Kwa hiyo Fadhul hapandi."

Ndipo Dokta alipomtazama yeye usoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hapandi," alisema. "Atakwenda, atasimama chini, atatazama shina. Hapandi."

Gazeti waliliweka katika bahasha, na bahasha ikabandikwa kwenye pembe ya karatasi nyeupe. Dokta alitaka kumwachia Akoth kazi hiyo, lakini Annick alisema ataifanya mwenyewe. Alishona tawi kwa mishono kumi na sita, akibana kikonyo pasipo kukivunja. Maua aliyaweka kwenye bahasha ndogo ya pili. Dokta alisimama nyuma yake akaeleza kwamba kuandika na kuchapisha kutachukua mwaka, labda zaidi, na kwamba jina litakuwa la Kilatini lakini ndani yake litakuwa na la Pitshou, kama yeye anakubali.

"Litasomeka?" Annick aliuliza.

"Kwa shida kidogo."

"Sawa."

Alisubiri aone kama kuna kitu kitamjia. Akoth naye alikuwa akimwangalia, akisubiri. Hakuna kilichokuja. Alifunga jalada jekundu, akalisukuma kwenye rafu, mlango wa chuma ukajifunga. Vidole vyake vilinuka naftalini mpaka jioni.

*

Fadhul aliporudi baada ya wiki mbili alikuwa na malengelenge miguu yote na malalamiko yasiyokwisha: baridi, siafu, mvua isiyojua saa, na Dokta anayemkataza hata kupanda kichuguu. Mama Zuleika alimkandia miguu kwa maji ya chumvi akimwita mzee wa mafenesi. Mabuti aliyaacha mlangoni kwa Annick, yameoshwa. Yalikuwa madogo kwake, alisema, afadhali ayatunze yeye.

Siku iliyofuata presi ilikuwa mezani, ikidondosha maji sakafuni. Annick alifungua mikanda. Gazeti la juu lilikuwa limelowa kiasi kwamba lilishikamana na vidole. Ndani yake kulikuwa na kipande cha gome chenye maua, mabichi bado, meupe yanayoelekea njano. Hakuwa amewahi kuyaona yakiwa na rangi. Pembeni kulikuwa na mwandiko mkubwa, mbaya, wa mtu aliyezoea kushika usukani:

*413. Mti ule ule. Maua kwa goti. Sikupanda. Fadhul.*

Annick alisoma mpaka mwisho. Kitu kilichoma nyuma ya pua yake, kidogo, kama mguu unapoanza kuamka. Akakisubiri kipite, kikachelewa kupita.

"Iko mbichi sana?" Akoth aliuliza kutoka upande wa pili.

"Sana," alijibu, na sauti yake haikuwa ile aliyoizoea.

Alitoa magazeti ya juu na ya chini, akayaweka kwenye rundo la mama wa karanga. Lile lenye namba aliliacha mahali pake, likiwa limelowa vilevile, akaweka makavu juu yake na chini yake, akavuta mikanda mpaka ikakaza.